Mji Uliouruka

Tarehe 11 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, anakula vizuri na kusema vizuri zaidi. Ule mguu wa kushoto bado unamsumbua asubuhi, lakini ukimuuliza atakwambia mguu ni mzima, ni sakafu iliyoanza kupinda. Mpwa wako amebadilishiwa njia, sasa lori lake halivuki mkoa, kwa hiyo analala nyumbani karibu kila siku. Mke wake ni mjamzito. Jirani yetu fundi viatu ameoa tena, na safari hii amepata anayemweza.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Yangu inakoroma. Nikisema maneno matatu, mtu wa upande wa pili anasikia mawili. Na wewe kila nikikupata uko juu ya paa la mtu au umejifungia ndani ya chumba cha baridi, tunaishia kuulizana kama tunasikiana mpaka salio linakata. Barua hainikatizi, nami nina muda wa kuandika. Kiwandani nimepumzishwa. Wamepunguza watu wa kitengo cha kusokota nyuzi, na mimi nilikuwa wa zamani mno kubakishwa. Usinionee huruma. Nilianza kazi pale wewe ukiwa bado unalilia kufungwa viatu vya shule, kwa hiyo si kwamba wameniwahi.

Sasa nije kwenye shabaha yangu. Nataka kuja huko kutembea. Hiyo nchi yako ni kubwa. Hapa kwetu mtu akipanda basi asubuhi, jioni keshafika mpakani, na mvua inayomnyeshea huko ni ile ile aliyoiacha mlangoni kwake. Huko nasikia upande mmoja wanaanika mahindi na upande wa pili wanavuka barabara kwa mtumbwi, siku hiyo hiyo. Nieleze wapi kukoje, na mwezi gani unamfaa mgeni. Usinifiche baridi.

Wasalimie wifi yangu na mwanenu Chiriku.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni ukiwa mwepesi na ukiwa mzito.


Tarehe 2 Februari

Dada,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako, maana atauliza. Mpe hongera mpwa wangu. Mwambie lori na mtoto ni sawasawa, ukisikia kimya ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya bucha, nasubiri mtambo upoe. Huku hatujambo sote. Chiriku anazidi kukua, na anaongea mpaka mwalimu wake anamwomba apumzike.

Umeniuliza hali ya hewa, na umemwuliza mtu anayeijua. Mimi fundi wa friji nchi hii naijua kwa vitu vinavyoharibika. Pwani ni chumvi. Inakula mabomba, inakula bawaba za milango, na hewa yenyewe ni nzito kama shuka lililotoka kufuliwa. Mvua kubwa zinaanza mwishoni mwa Machi na haziondoki mpaka Mei iishe. Mgeni wa pwani aje Julai au Agosti, upepo ukiwa mzuri.

Kaskazini ni jua na mawe. Jasho linakauka kabla hujalifuta. Kuanzia Januari hadi Machi upepo unaleta vumbi jekundu, vichujio vinaziba, mashine inakohoa kama mzee. Ukiona mtu anatandika kitanda mara mbili kwa siku ujue ni wa kaskazini. Novemba angalau kunavumilika.

Magharibi ni msitu, na mvua ya huko haina ratiba. Niliacha viatu chini ya kitanda cha nyumba ya wageni, niliporudi vilikuwa vimeota manyoya. Friji za huko haziharibiki, zinaoza.

Uwanda wa juu, kwenye makao makuu ya nchi, ndiko wanakopenda wageni wengi. Baridi yake ni ya adabu, ila Juni hadi Agosti ukungu unakaa mpaka saa nne za asubuhi. Hewa ni nyepesi. Mtu mpya akipanda ngazi lazima apumzike katikati ajifanye anatazama mandhari. Septemba hadi Desemba ni pazuri.

Basi, nchi nzima ndiyo hiyo. Chagua unachotaka kuona, kisha tutazungumza. Ila mwaka huu kazi zangu zimetapakaa, leo niko hapa, kesho siko, kwa hiyo usifanye haraka ya kukata tikiti.

Mdogo wako, Fundi.


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Barua yako ilifika mapema, ni mimi niliyechelewa. Mama anasema shikamoo ameipokea, ila ilikuwa fupi. Mkwe wangu tumbo limeshamtangulia, akiingia jikoni tunaona tumbo kwanza. Sisi wengine tunaendelea.

Nimekusoma vizuri, na nina maswali. Hilo vumbi la kaskazini ni la mchanga unaouona, au ni lile laini linalopita hata kwenye kitambaa? Hewa nzito ya pwani, je, inapungua kabisa huo mwezi wa Agosti au inapungua kwa kusema tu? Huko juu, mtu anayepumzika kwenye ngazi huzoea baada ya muda, au huendelea kutazama mandhari mpaka anarudi kwao? Magharibi nimeifuta. Siwezi kwenda mahali viatu vinaota manyoya.

Halafu kuna jambo jingine. Nimeazima atlasi ya mtoto wa jirani, niko nayo hapa mezani. Kati ya uwanda wa juu na pwani kuna mteremko mrefu, na katikati ya mteremko kuna ule mji wenu mdogo uliokuwa ukiniandikia habari zake kila mara tangu ulipooa. Ulisema mawingu ya pwani yanaishiwa nguvu kabla hayajaufikia. Ulisema wifi yangu ana kitalu cha miche na kila mche unashika. Mbona safari hii hukuutaja? Umetembeza mkono nchi nzima, pale ukaruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Unijibu maswali yote, usichague mepesi.

Dada yako.


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Shikamoo nyingi, na ndefu kwa Mama ili asilalamike. Natumaini mjukuu wako anakaribia kufika na mama yake hajambo.

Niko pwani, na huku ni mvua tu. Juzi barabara ya sokoni iligeuka mto. Mwenye ghala la samaki alinipigia simu, chumba chake cha baridi kimekufa, nikaenda maji yakiwa yamefika kiunoni na sanduku la vifaa nimelibeba kichwani. Nilipofika nikamkuta amekaa juu ya meza analia kimya kimya, samaki wanaelea mlangoni kana kwamba wanarudi kwao. Tuliwasha mtambo jioni. Hakukuwa na cha kugandisha tena, lakini alitaka tu ausikie unaunguruma.

Majibu yako ni haya. Vumbi la kaskazini ni laini, linapita kwenye kitambaa. Hewa ya pwani inapungua Agosti, lakini shuka linabaki na ubichi wake. Huko juu wengine huzoea, wengine hawazoei. Nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu, baada ya mwaka mzima bado alikuwa anapumzika kwenye ngazi.

Huo mji wa mteremko ni mji mdogo tu, hauna cha kutembelea. Kituo cha basi, shule, soko la Jumatano. Mgeni atachoka siku ya pili.

Na wewe, mbona maswali yako yamekuwa ya daktari? Nimekupigia simu mara kadhaa. Ile siku uliyopokea, ulisema haloo, nikasikia kama mtu anakokota meza, halafu ikakatika. Kama ni simu inakoroma, nitakununulia nyingine.

Fundi.


Tarehe 28 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mjukuu amezaliwa, ni wa kike, ana sura ya Mama na hasira za Mama. Mama anasema amefanana na upande wa mkwe. Wote wawili wanalala mchana na kukesha usiku, kwa hiyo nyumba hii haina tena saa.

Umeona kimya kirefu. Nilikuwa hospitali. Nililazwa mwishoni mwa Mei nikatoka wiki ya pili ya Julai, na niliwakataza wote wasikupigie simu. Mpwa wako alinuna, lakini alitii. Ile uliyosikia siku ile haikuwa meza, ni kifua changu. Simu haikoromi, ninayekoroma ni mimi. Ni pamba. Miaka yote ile ya kusokota nyuzi, nyingine nilikuwa nazimeza. Daktari amenionyesha picha ya mapafu dirishani, mimi nikaona mawingu tu, yeye akaona kila kitu. Sikupumzishwa kazi kwa kupunguzwa watu. Nilianguka kwenye mashine, msimamizi akanibeba hadi nje na kuniambia niende nyumbani.

Nimekueleza yote kwa mpigo ili usianze kuuliza kidogo kidogo. Sijafa, na daktari hakusema nakufa. Alisema hivi: "Mama, hapa mjini kwako na moshi huu hutapona. Tafuta mahali pasipo na vumbi, pasipo na unyevu mwingi, wala pasiwe juu sana. Ukae muda mrefu." Nikamuuliza muda mrefu ni upi. Akasema tuone kwanza kama pumzi itarudi.

Nilishaanza kumsikia akisema hivyo tangu Desemba, ndiyo maana nikakuomba habari za nchi yako. Sikutaka kutembea. Natafuta pa kukaa.

Sasa nimekaa na barua zako na atlasi. Vumbi, nimefuta kaskazini. Unyevu, nimefuta pwani na magharibi. Juu sana, nimefuta makao makuu. Umebaki mji mmoja tu katika nchi yako nzima, nao ni ule uliouruka. Umeniambia hauna cha kutembelea. Sasa niambie kweli, kuna nini huko?

Dada yako.


Tarehe 12 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za posta nikairudia hapo hapo, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepokea msiba. Nikamwambia hapana, nimepokea dada.

Siwezi kukulaumu kwa kunificha, maana na mimi nimekuficha, sikai tena huko. Ni mwaka wa pili sasa. Kampuni ilinihamishia pwani, nikamwambia mama Chiriku tuhame. Akasema miche haihamishwi kama kabati, na baba yake alikuwa kitandani wakati ule. Nikasema basi ninatangulia. Hatukupigana, hatukutukanana. Mimi nilikuwa nasubiri aseme anakuja, yeye alikuwa anasubiri niseme ninarudi, na kila mmoja ana subira kubwa kuliko mwenzake. Kila Jumapili napiga simu, anaitika haloo, halafu nasikia anamwita mtoto. Basi. Ninayoyajua ya nyumba ile nayajua kwa Chiriku, na kwa bahati Chiriku hana siri.

Nilisema mji hauna kitu kwa sababu sikutaka uende ukamkute pale bila mimi. Ningekuwa nimekueleza nini?

Daktari wako amesema kweli. Hakuna mahali pengine kama pale. Asubuhi kuna ubaridi kidogo, saa tatu jua limeshatoka. Ukungu wa juu hauteremki hadi pale, mvua ya pwani haipandi. Mvua zake mwenyewe ni fupi, zinanyesha jioni na asubuhi ardhi inakuwa imezinywa. Nilikaa pale miaka sita na sikuwahi kupata mafua.

Nilifikiri nikukodishie chumba kwa mtu mwingine mjini. Lakini mji ule ni mdogo, kabla hujashusha begi mama Chiriku angekuwa ameshajua wifi yake amepita mlangoni kwake akaenda kulala kwa watu. Hilo hatalisamehe. Kwa hiyo nitakwenda kumuuliza mwenyewe. Si kwa simu.

Usifunge mizigo bado. Na usinifiche tena, tafadhali.

Fundi.


Tarehe 3 Septemba

Dada,

Shikamoo, shikamoo Mama, na busu la mjukuu wetu.

Nimekwenda. Nilimkuta kwenye kitalu, amechuchumaa kati ya mistari ya miche, anang'oa majani. Nilisimama langoni. Hakuinua kichwa, lakini alijua ni mimi, maana alianza kung'oa na miche mizima.

Akasema, "Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kwa shida."

"Ya mashine?"

"Ya dada."

Hapo akainuka. Nikamweleza kila kitu, pamba, hospitali, maneno ya daktari. Alikuwa anapangusa udongo mikononi, akamaliza, akaendelea kupangusa.

"Anakohoa tangu lini?"

"Sijui. Alinificha."

"Kumbe ni ya ukoo," akasema.

Akachukua ndoo akaenda bombani, nikamfuata. Akasema chumba cha marehemu baba yake kiko wazi, dirisha linatazama mashariki, hakuna anayepika karibu nalo. Akasema atahamisha ile mifuko ya mbolea iliyo chini ya dirisha, maana inatoa vumbi. Alikuwa anapanga huku anakinga maji, kama vile mimi ni bomba jingine.

Halafu akanigeukia. "Wifi yangu aje. Hata kesho. Lakini tuelewane, ninayemkaribisha ni yeye."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Lakini umesikia, inatosha."

Chiriku alitoka shule akanikuta nimekaa kwenye ngazi ya nje. Alinisalimia kama watoto wanavyomsalimia mkaguzi, mikono nyuma. Amekuwa mrefu, Dada. Kwenye simu nilikuwa naongea na mtoto mfupi. Baadaye kidogo ulimi ukafunguka, akanieleza habari za kila mtu wa mtaa hadi saa ya basi langu ilipowadia.

Njoo mwishoni mwa mwezi huu, kabla ya mvua fupi, njia ikiwa kavu. Nitakupokea mpakani. Lete sweta moja tu, la pili utalibeba bure. Tutapita barabara ya chini, hata kama ni ndefu, ili usipandishwe juu ukaishiwa pumzi njiani.

Fundi.


Tarehe 30 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini umerudi salama kwenye mitambo yako. Nakuandikia nikiwa kitandani mwangu, kwenye kile chumba cha mashariki, dirisha liko wazi. Nilisahau raha ya dirisha lililo wazi. Kule kwetu nilikuwa nalifunga kwa magazeti.

Siku ile ulipoweka mizigo yangu langoni, ukanishika mkono, ukageuka kwenda kituoni, nilitaka kukuita. Lakini pumzi niliyokuwa nayo ilinitosha kumsalimia wifi tu. Ujue nilitaka.

Usiku nalala. Hilo ndilo kubwa. Wiki mbili za kwanza nilikuwa bado nakohoa hadi kuku wa jirani wanaamka, sasa nakohoa asubuhi tu. Kutoka chumbani hadi kitaluni ni mwinuko mdogo. Mwanzo nilikuwa napumzika mara mbili, siku hizi mara moja, nikiwa nimeegemea mparachichi mchanga ulio njiani. Mhudumu wa zahanati alinisikiliza kifua akasema mapafu hayatarudi kuwa mapya, lakini haya haya yatanitosha nikiyatunza. Nilimjibu kwamba hata mimi si mpya.

Sikufichi, nawakumbuka nyumbani mpaka inauma. Mama alikataa kuniaga, alijifanya amelala, na kope zinacheza. Mpwa wako ananiambia kwenye simu kwamba mjukuu ameanza kucheka. Amecheka mimi nikiwa huku.

Wifi yangu ni mtu wa maneno machache na vyombo vingi. Kila saa ananiletea kikombe cha kitu. Hapendi kuulizwa. Tukikaa jioni anashona viraka kwenye nyavu za kuwekea miche kivuli na mimi namsaidia, mikono yangu haijasahau uzi. Chiriku anaongea kwa niaba yetu wote. Ameniambia kwamba ukipiga simu Jumapili mama yake huwa ameshavaa nguo nzuri tangu asubuhi. Mama yake alimwita aende akafunge bata. Hapa hakuna bata.

Nakuandikia haya kama habari za hali ya hewa tu.

Dada yako.


Tarehe 18 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kwa pumzi yako kuliko ninavyoweza kuandika. Mama nimempigia simu, tumeongea vizuri. Ameniambia hakuwa amelala.

Mimi niko kaskazini kumalizia mtambo wa kiwanda cha maziwa. Mkataba wangu na kampuni unakwisha mwezi ujao. Wananitaka niongeze, bado sijatia sahihi. Nimesikia hapo mjini kwenu wanajenga ghala la kuhifadhia matunda, na hawana fundi wa mitambo.

Naomba uniulizie jambo moja. Hali ya hewa ya huko kuanzia Desemba ikoje, na mwezi gani unafaa mtu kuja? Uliza kwa mwenyeji, si wewe mgeni.

Fundi.


Tarehe 6 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo sote watatu. Mvua fupi zimetunyeshea wiki tatu, kila jioni, na sikukohoa zaidi ya kawaida. Mparachichi nimeupita jana bila kusimama, nikajuta maana nilikuwa nimeuzoea.

Barua yako niliisoma mezani kwa sauti. Nilisoma yote, pamoja na habari za ghala la matunda. Chiriku alianza kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Wifi alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Aliinuka, akatoka nje, nikadhani ndiyo imekwisha. Kumbe amekwenda kutazama anga.

Aliporudi akasema, "Mwambie mvua zinakatika katikati ya mwezi huu. Januari ni kukavu. Barabara ya chini inapitika."

Nikamwambia hayo ni ya barabara, na wewe umeuliza mwezi unaofaa mtu kuja.

Akasema, "Aje Januari. Kuna miche inatakiwa kuhamishwa kutoka kivulini, na peke yangu siiwezi."

Tulichambua maharage. Chiriku alinyamaza, jambo ambalo sijaliona tangu nifike. Halafu nikamuuliza, "Wifi, hiyo kazi ya kuhamisha miche huchukua muda gani?"

Alikuwa ameshainuka, ananawa mikono, ametugeuzia mgongo.

Akasema, "Kama mtu hana haraka ya kuondoka, haiishi."

Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza neno.

Dada yako.